Madafu ya Mpakani

Siku ambayo mjomba wangu Salimu alicheza gofu naikumbuka kuliko siku niliyooa, na utanisamehe mwanangu kwa kusema hivyo huku bibi yako akinisikia kutoka jikoni. Siku ya kuoa nilifurahi, na furaha hupita. Ile nyingine ilinikera, na inanikera mpaka leo. Kila nikipita penye ule ukuta mrefu wa Diani, mimi nimo ndani ya tuktuk, hugeuza uso upande wa pili ili dereva asinione ninavyonuna.

Kiwanja chenyewe hukukiona, kwa hiyo nikueleze. Kilikuwa ndani kidogo ya pwani, ng'ambo hii ya Ukunda, na kilitengenezwa na Wazungu wa mashamba makubwa zamani sana, mimi sijazaliwa. Kilikuwa na mashimo tisa. Usidhani kilikuwa na majani laini kama hivi viwanja vya hoteli unavyoviona kwenye simu yako. Maji ya kunywa yenyewe yalikuwa shida, sembuse ya kunyweshea majani. Pale penye shimo walimwaga mchanga, kisha wakaumwagia mafuta machafu ya gari ili upepo usiupeperushe, na kila aliyemaliza kupiga alitakiwa avute gunia juu ya mchanga kufuta nyayo zake, amwachie mwenzake pahali safi. Kwingineko palikuwa mawe matupu ya tumbawe. Mpira ukiangukia hapo unaruka unakotaka wenyewe, na kima wakiuwahi ndiyo basi, umeuaga.

Ardhi ile ilikuwa ya ukoo wetu, upande wa mama. Wazungu walimwendea mjomba wa mjomba wangu, wakamwomba mahali pa kuchezea, naye akawapa mahali pa kuchezea. Ardhi hakuwapa, wala wao wenyewe hawakusema wamepewa ardhi. Minazi ilibaki yetu. Msimu ukifika mkwezi wetu alipanda akaangua nazi, nao wakawa wanapiga vimpira vyao huko chini, wakimpungia mkono. Waliishi hivyo miaka na miaka, na hapakuwa na kesi.

Sasa hapa ndipo nyinyi vijana mnapopotea, kwa hiyo tega sikio. Kwetu sisi mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe, na hao wawili si lazima wawe mtu mmoja. Na ilikuwa ni utovu wa adabu mtu kusimama akapiga kifua akasema, ardhi hii ni yangu. Ardhi ni ya ukoo, ya waliozikwa humo na ya watoto ambao dada zako bado hawajawazaa. Mzee mwenye heshima akitaka kumjulisha mtu mipaka yake hakuitamka. Alimtembeza. Alimpitisha mnazi kwa mnazi, akamwambia huu aliupanda fulani, ule aliupanda fulani, mpaka wakafika mnazi wa mpakani. Hapo aliangua dafu, akamkaribisha anywe. Ukishalinywa dafu la mnazi wa mpakani wewe umekuwa shahidi, na siku ya shauri utasimama useme ulichoonyeshwa. Hivyo tu. Watu wa huku wote walilijua jambo hilo, na waliokwenda shule na wasiokwenda.

Ulipokuja uhuru Wazungu wale walifunga virago. Halmashauri ikachukua ufunguo wa kibanda cha fimbo, ikatangaza kwamba kiwanja sasa ni cha umma na kila mwananchi anakaribishwa kucheza. Mimi wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kijana wa suruali iliyonyooshwa pasi, najiona. Nikawa nakwenda jioni na walimu wenzangu, tunaazima fimbo zilizoota kutu, tunapiga, tunacheka. Nilifurahi sana kukanyaga mahali ambapo mama yangu alikuwa akipazunguka kwa mbali akiwa na mzigo wa kuni kichwani.

Haukupita muda tukasikia kwamba ardhi ya huku itapimwa. Kila kipande kitaandikwa jina la mwenyewe, na ambacho hakina jina la mtu kitakuwa cha serikali au cha halmashauri, na kikishaandikwa ndio mwisho wa maneno. Alikuja afisa wa ardhi kutoka bara, akiitwa Bwana Yohana. Alikuwa kijana kama mimi, mpole, mcheshi, na alipenda gofu kuliko kazi yake. Kila Jumamosi alicheza na diwani wetu, Bwana Rashidi.

Huyo Rashidi nisimpite hivihivi. Alikuwa jirani yetu, ukuta kwa ukuta. Yeye na mjomba walikaa mkeka mmoja chuo cha Kurani, wakachapwa bakora na mwalimu mmoja, wakala sinia moja. Ndiye aliyekuja nyumbani siku ya Ijumaa baada ya sala kumwambia mjomba, "Sheikh Salimu, kesho njoo ucheze nasi. Kiwanja kiko kwenu na hujapiga hata mpira mmoja. Bwana Yohana anataka kumjua mzee wa hapa."

Mjomba alikubali hapohapo. Rashidi alipoondoka, aliniita uani akaniambia kwa sauti ya chini, na macho yake yalikuwa yakicheka, "Mungu ameniletea afisa mwenyewe mpaka miguuni. Mashimo yale tisa yanazunguka shamba letu lote. Nitamtembeza mpaka kwa mpaka, na kwenye mnazi wa Mwanasiti nitampa dafu. Rashidi atakuwepo. Mashahidi wawili, na mmoja ni diwani. Nataka nini tena?" Mnazi wa Mwanasiti ndio uliokuwa wa mpakani, aliupanda bibi yetu. Nikamwona mjomba ana akili kuliko wote waliokuwa wakihangaika kutafuta mawakili Mombasa. Na kweli alikuwa na akili. Hilo ndilo linalonikereketa mpaka leo, kwamba hakuwa mjinga.

Basi Jumamosi asubuhi tukaenda wanne. Mjomba alivaa kanzu yake ya Idi. Tulipofika kwenye shimo la kwanza aliipandisha akaifunga kiunoni, akavua makubadhi, akasimama pekupeku. Nilikuwa nimemfundisha kushika fimbo uani kwetu kwa kutumia ndimu. Alipiga, mpira ukaenda chini chini ukajificha kichakani, naye akacheka hata akakohoa. Bwana Yohana alimpigia makofi kwa moyo safi. Sitamzulia yule kijana, alikuwa na adabu zake.

"Mzee, utakuwa hodari," alimwambia. "Mimi mwaka wa kwanza nilikuwa napiga hewa tu."

"Inshallah," mjomba alisema. "Twende taratibu, bwana. Hapa hapana haraka."

Na kweli tulikwenda taratibu. Mjomba alipiga kidogo na kuzungumza sana. Kwenye kila mnazi alisimama, akaugusa kwa kiganja. Huu wa dada yangu mkubwa. Huu uliopinda aliupanda mjomba wangu mwaka wa njaa. Hii mitatu ni ya wapwa, huyu mwalimu ana mmoja humo. Bwana Yohana alisikiliza, akaitikia, akauliza maswali mazuri, na kila swali lake lilikuwa la miti. "Na hii mti, mzee, ni ya nani? Na ile kubwa?" Mjomba akajibu kwa furaha. Kwake yeye kila jibu lilikuwa ni jiwe la mpaka linalochimbiwa chini. Mimi nikawa natembea nyuma na kifurushi cha fimbo begani, nikiona jinsi tunavyolizunguka shamba, kona hii, kona ile, na moyo wangu umejaa.

Tulipofika kwenye mnazi wa Mwanasiti, mkwezi wetu Mbega alikuwa akitungojea. Aliangua madafu manne, akayachonga. Mjomba alilishika la kwanza kwa mikono miwili, akampa Bwana Yohana akisema maneno yanayosemwa, "Kunywa, mgeni wetu. Mnazi huu aliupanda mama yetu, na hapa ndipo tunapoishia." La pili alimpa Rashidi. Nilimtazama Rashidi, mwanangu, kwa sababu nilijua anajua. Alilipokea, akasoma bismillahi, akanywa mpaka tone la mwisho. Alimtazama mjomba usoni, akafuta ndevu, akasema, "Alhamdulillahi, ni tamu." Mjomba akatikisa kichwa kwa shukurani. Kwake kazi ilikuwa imekwisha.

Lakini mimi nilikuwa nimekaa na watu wa bara chuo cha ualimu, nikajua wanavyosikia mambo. Nilipomwona Bwana Yohana akilitupa lile kaka tupu la dafu kichakani na kuuliza shimo linalofuata liko wapi, nilielewa. Yule bwana alikuwa amekunywa kwa sababu ya kiu. Hakujua kama ameapishwa.

Nikavumilia mpaka shimo la mwisho. Tulikuwa tumesimama kwenye mchanga wa mafuta, Rashidi anavuta gunia kufuta nyayo zetu, na Bwana Yohana anakusanya fimbo zake. Nikasema, "Bwana Yohana, samahani. Mjomba hapa alikuwa anakuonyesha mipaka. Ardhi yote hii tuliyoizunguka..."

Mjomba hakuniacha nimalize. Alinigeukia, na sijapata kuona uso wake vile, si kabla wala baadaye. "We mwalimu," aliniambia, "wakubwa wanapozungumza, wewe mdomo wako unautia wapi? Mgeni amekula kwetu, amekunywa kwetu, unataka kumdai kama muuza samaki? Utanivunjia heshima mbele ya watu?"

Bwana Yohana alitutazama mmoja baada ya mwingine, akatabasamu kwa wasiwasi. "Kuna shida, mzee?"

"Hapana shida yoyote, bwana," mjomba alisema. "Vijana tu. Yote umeyaona kwa macho yako."

"Nimeona, mzee. Shamba nzuri. Minazi mizuri sana."

Rashidi alikuwa bado anavuta gunia. Alikuwa amesikia kila neno, na neno moja tu lake lingetosha kumwelewesha mwenzake. Alimaliza kusawazisha mchanga, akalikung'uta gunia, akasema jua limekuwa kali twendeni kivulini.

Nami nikanyamaza. Nilikuwa mtu mzima, nina mshahara, ninafundisha watoto arobaini kusoma, na mjomba aliponitazama vile niliufyata. Kwetu mjomba si mtu wa kujibiwa. Ndiye anayekuposea mke, ndiye unayemrithi. Ningemjibu, wazee wote wa Msambweni na Kinondo wangelisikia hilo kabla ya alasiri.

Baraza la ardhi lilikaa baadaye, kwenye ukumbi wa chifu. Mjomba alikwenda na kanzu ileile, akakaa mstari wa nyuma, akatulia. Wengine waliingia wakipiga kelele, wakisukumana kutaja mashamba yao, naye akawatazama kwa huruma. Nilimnong'oneza asimame aseme. Akaniambia mashahidi wake wako mbele pale, wataitwa. Na kweli walikuwa mbele, Bwana Yohana mezani na Rashidi upande wake wa kulia, maana diwani alikuwa kwenye kamati.

Wakasoma vipande kimoja kimoja. Walipofika kwetu karani alisema, kiwanja cha gofu, mali ya halmashauri, ndani yake imo minazi ya watu binafsi, ambayo wenyewe watafidiwa. Akaendelea na kipande kinachofuata.

Mjomba aliinuka. Hakupaza sauti. "Bwana Yohana," alisema, "mimi nilikutembeza. Na madafu ulikunywa."

Watu walicheka, mwanangu. Walikuwa wengi kutoka kwingine, wakaona mzee anadai madafu yake. Bwana Yohana hakucheka, alionekana kweli hajui. "Mzee Salimu, nakumbuka vizuri, na asante tena. Lakini uliniambia una minazi. Hukuniambia una ardhi. Minazi yako utalipwa yote."

Mjomba akageuka kwa yule mwingine. "Rashidi. Sema."

Wa huku waliacha kucheka, maana walianza kuelewa. Rashidi alitazama viatu vyake. Akasema, "Mimi, Sheikh Salimu, siku ile nilikuja kucheza gofu."

Hakuna tusi nililopata kutukanwa katika maisha yangu linaloumiza kama maneno yale, na hata sikutukanwa mimi. Mjomba akasema "Haya," akatafuta mkongojo wake, akatoka. Tulirudi nyumbani kwa miguu.

Mama yangu mkubwa, Mwanakombo, dada yake mjomba, alikuwa akikuna nazi mlangoni. Habari ilikuwa imekwishamfikia. Mjomba alipita akaingia ndani, naye hakumwambia kitu. Akanishika mimi.

"Siku ile ya gofu ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, mama."

"Uliona kwamba yule mgeni hakuelewa?"

"Niliona. Nikaanza kusema, mjomba akanikataza."

Aliendelea kukuna. "Alikukataza," alisema. "Na ardhi hii ni ya mjomba wako peke yake? Mimi simo? Hao dada zako hawamo? Yeye alikuwa na heshima yake ya kulinda. Wewe ulikuwa na nini cha kulinda hata ukanyamaza?"

Nilitaka kumjibu kwamba ni yeye mwenyewe aliyenilea hivyo, kwamba ni mkono wake ulionipiga kofi nilipokuwa mdogo nikaingilia maneno ya wakubwa. Sikumjibu. Hata hapo nilinyamaza, na ghadhabu hiyo niliimeza, na iko ndani mpaka leo.

Waliyofanya baadaye unayajua kwa sababu umeyakuta. Minazi ililipwa, ikakatwa, na wa Mwanasiti ukakatwa nao. Halmashauri ikakaa na kiwanja muda, kisha tukasikia kimekatwa viwanja vidogo, na kimoja cha upande wa bahari kina jina la Rashidi. Gofu yenyewe ikafa. Ukajengwa ule ukuta. Bwana Yohana alihamishwa kabla ya hapo, na sina la kumlaumu ila kutouliza. Kuna wanaosema watu wa bara ndio waliotumaliza. Wapo waliotumaliza, sikatai. Ila kwenye shauri letu wa bara hakujua, na wa kwetu alijua, na ukinisikia nikimtaja mmoja kwa uchungu ujue ni nani.

Na mjomba, alhamdulillahi, alipewa umri mrefu. Unajua kilichonitesa? Kila siku alipokutana na Rashidi msikitini alimpa mkono, akamsalimu salamu kamili, akamuuliza hali ya watoto. Nilipomuuliza jamani mjomba, vipi, akaniambia, "Yeye amepoteza adabu yake. Unataka na mimi nipoteze yangu?" Watu walimsifu kwa hilo. Mpaka leo wazee wakitaka kutoa mfano wa mtu muungwana wanamtaja Salimu. Mimi husikiliza tu. Kwa ule uungwana, siku alipofariki tulimzika Kinondo kwa wakwe, kwa sababu makaburi ya mama zake yako nyuma ya ukuta, na askari wa getini alituambia mwenye nyumba yuko Ulaya.

Sasa wewe umekuja na habari kwamba Jumamosi kuna wageni. Wanataka kuzungumza juu ya kipande chetu cha Msambweni, hiki tulichobaki nacho, na wameomba waje kunisalimu mimi mzee kwanza. Umefurahi kwamba wana heshima. Mwanangu, hata Rashidi alikuja kwa heshima.

Nikwambie ukweli ambao wazee wenzangu hawatakwambia. Mimi sijapona. Hao watu wakinipa shikamoo nitaitika marahaba, nitawakaribisha ndani, nitawaulizia wazazi wao, nitamwambia bibi yako awapikie. Wataniuliza hili na hili, na mimi nitazunguka. Ile sentensi moja inayotakiwa, kwamba ardhi hii ni yetu na hatuigawi, itanikwama hapa kooni, maana nimefunzwa tangu mtoto kwamba ni aibu kumtamkia mgeni. Miaka sabini ya adabu haiondoki kwa sababu nimepata hasira.

Kwa hiyo utaisema wewe. Usingoje kuitwa, usingoje nimalize, usingoje wamalize kula. Waambie kwa Kiswahili kinyoofu, ardhi, siyo miti, na utaje majina ya wenyewe wote, na dada zako uwataje. Na wasipoelewa urudie. Mimi nitakugeukia. Nitakuambia wakubwa wanazungumza, nitakuuliza mdomo wako unautia wapi, na pengine nitakufukuza ukumbini mbele yao, kwa sababu sijui kufanya vingine. Usitoke. Nitazame usoni, kisha useme tena.

Haya, nyanyuka, jua limekwenda. Mungu akuzidishie umri na riziki, akupe watoto watakaokuinua ukianguka. Na Jumamosi, saa hiyo moja tu, akuondolee adabu yote niliyokufunza, halafu akurudishie. Amin.